Hapa Hatusalimiani: Wauguzi Sita wa Doha Wapanda Kilimanjaro

Sehemu ya juu kuliko zote katika nchi ya Qatar ni kilima kinachoitwa Qurayn Abu al-Bawl. Urefu wake ni mita 103 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimezaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, ambako hata migomba ya nyuma ya jiko letu iko juu kuliko kilima hicho mara kumi na zaidi. Kwa hiyo wenzangu wa wodini waliponiuliza nimepanda Mlima Kilimanjaro mara ngapi, nami nikajibu kwamba sijawahi, walidhani nawatania.

Ilikuwa saa tisa usiku, ile saa ambayo wagonjwa wengi wamelala na wauguzi wanatafuta la kuongea ili wasisinzie. Kijana mmoja Mfilipino alikuwa ameona kwenye simu tangazo la safari ya kikundi: siku saba mlimani, kiongozi, mpishi, mahema, kila kitu kimo. Akanionyesha picha. Kibo ile ile niliyokuwa nikiitazama nikienda kuteka maji, sasa ilikuwa kwenye kiganja cha mtu wa Manila, na bei yake imeandikwa kwa dola.

"Hapa si kwenu?"

"Ni kwetu."

"Sasa kwa nini hujaenda?"

Sikuwa na jibu la haraka. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima hatukuuona kama mahali pa kutembea. Ulikuwa mahali pa kazi. Baba yangu alibeba mizigo ya wageni kuanzia mwaka 1983 hadi 1994 kwa njia ya Marangu, enzi za kubeba kichwani, na viatu mara nyingine vya kuazima. Kwa mizigo hiyo tulisoma. Diploma yangu ya uuguzi niliipata Moshi, shahada nikaimalizia Uingereza, na mwaka 2017 nikaja Doha. Magoti ya baba yalibaki mlimani.

Nilipompigia mama kumwambia ninakuja na wenzangu kupanda, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baba yako alilipwa kupanda mlima huo. Wewe unalipa?"

Mpaka leo sijapata jibu zuri la swali hilo. Lakini nililipa.

Ngazi za ghorofa kumi na nne

Tulikuwa sita: wadada wawili wa Kerala, vijana wawili wa Kifilipino, mimi, na rafiki yangu Mkenya, mwenyeji wa Kisii, ambaye nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka minne. Kufanya mazoezi ya mlima katika nchi tambarare ni kichekesho. Kuna vilima vya kutengenezwa pale Katara, tukavipanda mpaka walinzi wakatuzoea. Siku nyingine tulipanda ngazi za jengo letu, ghorofa kumi na nne, juu na chini, mgongoni tumebeba mifuko ya mchele. Majirani walituuliza kama lifti imeharibika.

Kwa rafiki yangu safari hii ilikuwa na uzito wake. Tangu afike Doha, kila riyali yake ilikuwa na mwenyewe: karo ya wadogo zake, mabati ya mama, matanga ya huyu, harusi ya yule. Alijinyima miaka miwili kuiwekea akiba. Aliniambia hii ni mara ya kwanza tangu aanze kazi kununua kitu ambacho hakuna mtu nyumbani alimwomba.

Sisi wawili tulikuwa na ujuzi mmoja ambao hakuna chuo kinachoufundisha, na nadhani wasomaji wengi wa gazeti hili wanao. Simu ya nyumbani ikiita, unapangusa uso, unahamia penye mwanga, unasema: "Salama kabisa, mama. Sijui nyie." Umetoka kumfunga mgonjwa sanda, umekosana na msimamizi, kodi imepanda, lakini uko salama kabisa. Hatuiti uongo. Tunaiita heshima.

Mizani ya Machame

Tulitua KIA mwezi Februari 2023, mchana, mlima wote umefunikwa na wingu. Wenzangu walisikitika. Niliwaambia mlima wetu hauonyeshi uso kwa mgeni siku ya kwanza, na mimi mwenyewe nikajikuta natafuta kwa macho kama mgeni.

Hotelini Moshi tulipewa mchanganuo wa gharama, na humo nilikuwa nimeandikwa asiye raia, kwa sababu tulilipa pamoja kutoka Qatar. Nikatoa pasipoti yangu ya Tanzania. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, na tofauti na bei ya mgeni ni kubwa sana. Mimi na rafiki yangu Mkenya tukarekebishiwa hapo hapo. Wenzetu walitutazama kama watu walioshinda bahati nasibu.

Hatukupita njia ya Marangu aliyoifanyia kazi baba. Tulichagua Machame kwa siku saba, kwa sababu ya mapafu. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa haba, na njia ile inakupandisha juu mchana kisha inakushusha ulale chini zaidi. Ukifupisha siku unaokoa pesa na unaongeza hatari.

Langoni, mita kama 1,800, kuna mizani. Kila mzigo wa mpagazi hupimwa, na hautakiwi kuzidi kilo 20. Hapo ndipo nilipohesabu: watu sita tunapanda, watu ishirini na wanne wanatupandisha. Mpishi na mitungi yake ya gesi, wabeba mahema, mbeba choo, mbeba mayai. Huko mlimani wanaitwa wagumu. Aliyechukua begi langu alikuwa wa umri aliokuwa nao baba mimi nikiwa darasa la kwanza. Aliposikia lafudhi yangu alicheka. "Karibu nyumbani, dada," akasema, akaliweka begi kichwani.

Nilitaka kulibeba mwenyewe. Kiongozi wetu, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alinivuta pembeni. "Ukibeba mwenyewe, yule anarudi nyumbani bila kazi. Mwache abebe. Ila siku ya mwisho ukumbuke alibeba."

Kisha wakaimba zile nyimbo za kukaribisha wageni. Maneno yote nayajua tangu utotoni. Wenzangu walipiga makofi na kurekodi. Mimi sikujua nisimame upande gani.

Hapa hatusalimiani

Jioni ya kwanza, kambi ya Machame, mita 2,835, kiongozi alikuja kwenye hema la chakula na daftari na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Alipima mmoja mmoja na kuuliza: kichwa, tumbo, usingizi, mkojo. Wadada wa Kerala walieleza kila kitu, mpaka kucha iliyobonyea. Vijana wa Kifilipino vilevile. Alipofika kwetu tukajibu kwa pamoja: "Nzuri."

Aliweka kalamu chini. "Dada zangu, ninyi ndio mnanipa shida kuliko wageni. Mgeni ukimuuliza hali, anakueleza mpaka choo. Mswahili ukimuuliza, anasema nzuri huku anatapika. Hapa hatusalimiani. Hapa tunaulizana."

Tulicheka. Mimi muuguzi wa miaka kumi na mitatu, na mgonjwa wangu mgumu kuliko wote siku zote ni yule wa kwetu anayesema hajambo.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Tulitoka kwenye msitu wenye miti iliyovaa kuvu kama mablanketi, mbega wakirukaruka juu yetu, tukaingia kwenye vichaka vya baridi, kisha kwenye uwanda wa mawe wa Shira. Siku ya tatu tulipanda mpaka kwenye mnara wa mawe wa Lava Tower, kama mita 4,600, tukala chakula cha mchana vichwa vikigonga, kisha tukashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ambako kuna mimea mikubwa yenye shina la manyoya na kichwa cha majani. Kutoka mbali inafanana na wazee waliojifunika mashuka wakisubiri kikao.

Pale Barranco ukiinua macho unaona barafu. Kiongozi alituonyesha kwa fimbo ilikokuwa ikifika alipoanza kazi, na ilipo sasa. Vipimo vya mwaka 1912 vilionyesha barafu ya Kibo ilifunika karibu kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika 2. Novemba 2022, miezi mitatu kabla ya safari yetu, UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inaelekea kwisha kabisa ifikapo mwaka 2050. Dunia inapata joto, lakini pia hewa ya kule juu ni kavu, theluji mpya ni kidogo, na jua linaila barafu ubavuni mpaka inabaki imesimama kama kuta.

Kijana Mfilipino akauliza kama watu wa Moshi watapata maji wapi. Kiongozi akatikisa kichwa. Maji mengi ya mito yetu hayatoki kwenye barafu, yanatoka kwenye ule msitu tuliopita siku ya kwanza, unaokamata mvua na mawingu. "Barafu ikiisha tutalia," akasema. "Msitu ukiisha tutakufa kiu."

Kesho yake tulipofika Karanga, tulikuta vichaka vyeusi. Oktoba 2022 moto ulizuka upande huo wa mlima. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Tulipita tu, buti zikiwa zimejaa majivu.

Usiku ule wa Karanga ndipo nilipokosea.

Rafiki yangu aliniamsha. "Kichwa kinanisumbua," alisema. "Ni kichwa tu. Uko na panadol?" Nikampa. Kisha akanishika mkono gizani. "Usimwambie kiongozi, sawa? Atanirudisha. Miaka miwili, unajua."

Ninajua kanuni. Nimeisoma na ninaifundisha wengine kanuni za namna hiyo: maumivu mapya ya kichwa mlimani ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine, na mwenye dalili hapandi juu zaidi. Asubuhi daftari lilipokuja, yeye akasema "nzuri". Kiongozi akanitazama mimi. Nami nikasema "nzuri". Oksijeni yake ilikuwa chini kidogo ya yetu, lakini siyo ya kutisha. Tukafunga mahema, tukapanda.

Usiku wa Barafu

Kambi ya mwisho inaitwa Barafu, mita 4,673, mawe matupu na upepo. Tulifika mchana. Mpango ni kula, kulala saa chache, kisha kuanza kupanda kilele karibu saa sita usiku.

Nilimwona anafunga kamba za buti. Alizishika, akaziachia, akazishika tena kama mtu anayefunga kamba za mtu mwingine. Kisha akasimama na kwenda kwenye hema lake, hatua kumi tu, na bega lake likagonga hema lisilo lake. Akacheka. Kicheko kilichelewa.

Wodini ningeona hivyo kwa mgonjwa, ningekuwa nimeshapiga kengele. Pale nilisimama na kikombe cha chai mkononi, nikiwaza riyali zake, mabati ya mama yake, na ahadi yangu. Sijui nilisimama muda gani. Chai ilipoa.

Kisha nikaenda kwa kiongozi nikamwambia kila kitu, kuanzia panadol ya Karanga.

Hakunigombeza. Alimwita, akamwomba atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Hatua ya tatu akayumba. Kifaa cha kidoleni kikaonyesha 68. Mtu anayepoteza mizani kule juu, ubongo wake unaanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, bila kusubiri asubuhi.

Rafiki yangu alinitazama. "Umeniuza," akasema. Hakupaza sauti.

Nilianza kufunga begi langu nishuke naye. Kiongozi akanizuia. "Kiongozi msaidizi anakwenda naye, na wagumu wanne, na mtungi wa oksijeni. Huko chini hatakuhitaji wewe, dada. Anahitaji hewa, na hewa iko chini." Walimshika mabegani, na mbele kidogo wakamlaza kwenye ile machela ya tairi moja, wakashuka njia ya Mweka. Mmoja wa wale wanne alikuwa yule aliyebeba begi langu. Niliwatazama mpaka ukungu ukawameza.

Tulianza saa tano na nusu usiku. Sitakudanganya, ndugu msomaji, sikumbuki mengi. Nakumbuka taa za kichwani zikipanda kama siafu wenye moto, maji yaliyoganda kwenye mrija, na sauti ya kiongozi kila baada ya dakika chache: "Hali?" Nami nikimjibu kweli. "Vidole sivisikii." "Nimetapika." "Nataka kulia." Kila jibu alilifanyia kazi. Alinivua glavu akanisugua vidole, akanipa chai ya tangawizi, na lile la kulia akasema, "Lia ukitembea."

Jua lilichomoza tukiwa Stella Point, mita 5,756. Baada ya saa moja hivi tukafika Uhuru, mita 5,895. Tulifika watano.

Pale ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipowasha Mwenge na kusimamisha bendera tarehe 9 Desemba 1961. Vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Kwetu Marangu tunamtaja pia Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kama kiongozi wao. Lakini waliobeba mahema na chakula chao majina yao hayasomwi popote. Nilikuwa nawaza hao nilipoigeukia barafu. Ilisimama upande wa kushoto wa njia, nyeupe yenye ubluu, kama ukuta wa kanisa. Ndivyo baba alivyotusimulia tulipokuwa wadogo, maneno hayo hayo. Nikapiga picha. Nilikaa dakika kumi na tano, kisha nikaambiwa tushuke.

Jani la isale

Rafiki yangu alikuwa salama. Walipomfikisha kambi ya Mweka, mita 3,100, kichwa kilikuwa kimefunguka na anaomba supu. Nilimkuta hotelini Moshi siku iliyofuata, ameoga, amekaa barazani.

"Habari za hapa?" nikamuuliza.

"Nzuri," akajibu. Hakuongeza neno.

Kesho yake kikundi kizima kilialikwa nyumbani Marangu. Mama alipika mtori na ndizi za nyama, baba alitoa mbege, na wageni walikaa chini ya migomba wakisema hawajawahi kuona jiko lenye moshi mtamu namna ile. Nikampa baba simu aone picha.

Aliivuta karibu na macho. Mimi hakunitazama. Alitazama nyuma yangu.

"Hii ndiyo barafu?"

"Ndiyo, baba. Ile uliyotuambia, kama ukuta wa kanisa."

Alikaa kimya. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetua mzigo: "Mimi sikuiona. Wapagazi tuliishia Kibo Hut. Wageni walipanda usiku na viongozi wao, sisi tulibaki kuchemsha maji. Habari za ukuta nilizisikia tu kwa waliorudi."

"Miaka yote kumi na moja?"

"Yote."

"Mbona hukutuambia?"

"Mngewaambia nini wenzenu shuleni?"

Mama, kutoka mlangoni kwa jiko, akasema: "Mimi nilijua." Akarudi kwenye sufuria yake.

Sijui nini kilinisukuma. Labda ni ile "Hali?" iliyokuwa bado inanilia masikioni. Nikawaambia kwamba mwaka 2020, wakati wa Korona, nilipowaambia mtandao wa Doha ni mbaya, mtandao haukuwa mbaya. Nilikuwa nimefungiwa chumbani siku kumi na nne, naumwa, chakula kinawekwa mlangoni, na sikutaka waisikie sauti yangu. Mama akaja akakaa kwenye kigoda. "Siku kumi na nne," akasema. "Na mimi nilikuwa namwambia kila mtu kanisani mtoto wangu hajambo." Hakulia, ila hakunyanyuka tena mpaka chakula kikapoa.

Baba akachukua kisu, akaenda mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la isale. Msomaji wa Uchagani analijua. Kwa wengine nitaeleza: ni jani refu la mmea unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba, na mtu anayekwenda kuomba radhi hulishika mkononi. Anayeletewa, kwa mila, hapaswi kukataa. Nilikuwa sijamwambia baba lolote kuhusu Barafu. Alikuwa ameona tu nani hasemi na nani.

Nikamwendea rafiki yangu nikampa. Baba akamweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu maana yake, na kwamba akikataa anatafuta ugomvi na ukoo mzima. Akalipokea, akaligeuza geuza.

"Unaomba radhi kwa sababu ulisema," akauliza, "au kwa sababu ulinyamaza?"

"Kwa sababu nilinyamaza. Ule usiku wa Karanga."

Alifikiri kidogo. "Basi hilo nimekusamehe. Kile kilele bado kinaniuma, siwezi kukudanganya." Kisha akacheka, na safari hii kicheko hakikuchelewa. "Sitini na nane! Hata mgonjwa wetu wa kitanda cha tano alikuwa na themanini."

Jani lile limekauka. Liko juu ya friji yetu Doha.

Ukitaka kwenda

Kwa wanaoniandikia kuuliza, haya ndiyo ninayoyasema. Chagua siku saba au zaidi, hata kama za tano ni nafuu. Miezi mizuri ni Januari hadi mwanzo wa Machi, na Juni hadi Oktoba. Zungumza na daktari mapema kuhusu asetazolamidi, hasa kama una ugonjwa wowote wa kudumu. Kama wewe ni raia wa Afrika Mashariki, beba pasipoti na usikubali kuandikwa mgeni. Kabla hujalipa, iulize kampuni inawalipa nini wapagazi, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Bakshishi mpe kila mmoja mkononi mwake. Yule wa begi langu nilimpa, nikamwambia baba yangu alifanya kazi hiyo. Akaniuliza alifika wapi. Wakati ule nilimjibu, "Juu kabisa." Sikujua bado.

Wenye watoto, si lazima kilele. Kwa njia ya Marangu mnaweza kutembea siku moja mpaka Mandara, mita 2,720, mkala, mkarudi. Watoto waliozaliwa ughaibuni wataona mbega, na watajua bibi anaishi chini ya nini.

Rafiki yangu ameanza akiba tena. Anasema safari hii atapitia Marangu, na baba amemwambia atamsindikiza mpaka langoni, magoti yakimruhusu.

Baba siku hizi hupiga simu Ijumaa jioni. Wiki iliyopita aliuliza, "Hali yako?" Nikasema, "Nzuri, baba." Akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Miguu inauma," nikasema. "Na mwezi huu sijui kama nitaweza kutuma."

"Haya," akasema. "Sasa tuongee."